Anahesabu, ila wateja wameshaondoka: kupima wepesi wa kufikiri kwa mtu mwenye MS

Mama wa dagaa wa Kibirizi alijibu yote. Leo Jumanne, mwezi wa sita, hapa Kigoma. Mia moja toa saba, tisini na tatu. Toa tena saba, themanini na sita. Nikamtajia vitu vitatu, tukazungumza mengine kidogo, nilipomuuliza akavirudisha vyote. Nikaandika kwenye faili "kumbukumbu nzuri" na kufunga kalamu. Mdogo wake aliyemsindikiza akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mgebuka wa juzi.

"Sista, dada hajasahau kuhesabu," akasema. "Anahesabu vizuri tu. Ila akimaliza, wateja wameshaondoka."

Mimi ni nesi wa afya ya akili, si daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Wagonjwa wa MS, yaani maltipo sklerosisi, niliowashika kwa mikono yangu hapa Kigoma hawazidi vidole vyangu. Wote walirudi kutoka Dar es Salaam au Mwanza na picha za MRI ndani ya bahasha kubwa ya kaki, na wote mguu na jicho vilikuwa vimeshaangaliwa. Kasi ya kufikiri ilikuwa haijaguswa na mtu. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya nesi, tabibu, au mtoa tiba kwa vitendo aliyeko mbali na mabingwa, mwenye meza moja, saa ya simu na nusu saa ya utulivu akibahatika.

Kwanza, unatafuta nini

Maltipo sklerosisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeuka mwenye mwili na kushambulia mailini, ule utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Utando ukichubuka, ujumbe unaweza kupita bado, ila unapita kama gari la Kasulu enzi za tope: linafika, lakini si saa uliyoambiwa. Jean-Martin Charcot, daktari Mfaransa aliyeueleza ugonjwa huu vizuri mwaka 1868, aliona pia kwamba kumbukumbu za wagonjwa wake zilikuwa zimedhoofu. Tafiti za miaka ya karibuni nyingi zinaweka wenye upungufu wa aina hii kati ya asilimia 40 na 65 ya wagonjwa. Si wachache.

Kinachoguswa zaidi ni kasi. Baada ya kasi ni kujifunza jambo jipya na kulishika, kisha kupanga mambo na kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine. Lugha na maarifa ya zamani kwa kawaida hubaki. Sasa rudi kwenye maswali yangu kwa mama wa dagaa: siku, mwezi, mji, kutoa saba. Kile kipimo cha alama 30 cha mwaka 1975 (MMSE) tulichozoea kwa wazee kinauliza sana yale ambayo MS haijayachukua, na hakina saa. Mtu anaweza kupata 29 akiwa ameshapoteza nusu ya biashara yake.

Neno la kutumia

Usimwambie mgonjwa "nataka kukupima akili." Kwa Kiswahili chetu amesikia "wananiona chizi," na ukoo wenyewe huenda ulishakaa kikao cha nani kamroga. Mimi nasema: "Macho yalipimwa, miguu ilipimwa, leo napima wepesi wa kufikiri. Ugonjwa huu huwachelewesha watu, nataka kujua kama umekuchelewesha na wewe." Karibu kila mara mabega yanashuka. Kuna mmoja alilia, akasema miaka miwili alidhani anakuwa mjinga na alikuwa anamficha mumewe.

Siku na chumba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Mwalimu mmoja wa sekondari alitoka upande wa Kibondo na basi la alfajiri. Nikampokea saa nane mchana, mwezi wa tisa, chumba cha bati kisicho na dari, umeme umekatika na feni imesimama. Nikampima. Akapata alama 29 kwenye kipimo nitakachokieleza chini, nikaanza kuandika barua kwa daktari kwamba kazi ya ualimu imemshinda. Bahati nzuri kalamu iliisha wino. Akalala kwa shemeji yake hapa mjini, mtaa wa Mwanga, kesho yake saa mbili na nusu asubuhi nikampima tena chini ya mwembe, upepo wa ziwa unapita. Akapata 43. Sehemu ya nyongeza ile ni kuizoea karatasi, nakubali, maana nilitumia ileile. Lakini si alama 14 zote. Nilikuwa nimepima basi na joto.

Joto kwa mtu wa MS si usumbufu wa kawaida. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, aliandika mwaka 1890 juu ya wagonjwa ambao macho yalififia wakijichosha, yakarudi wakipumzika; baadaye ikaeleweka kwamba ni mwili kupata moto, na kwamba dalili nyingine pia hupanda hivyohivyo. Kwa hiyo asubuhi, kivulini, baada ya usingizi, ameshakunywa chai. Homa yoyote inaahirisha kipimo. Pima malaria, na usisahau mkojo, kwa sababu maambukizi ya kibofu ni ya kawaida kwa watu hawa na yanaweza kumvuruga mtu mzima kabisa. Kama ugonjwa umeamka upya karibuni, au amechomwa sindano za steroidi, mimi nasubiri angalau mwezi.

Mwambie aje na dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile za duka la dawa na za jirani. Amitriptilini ya maumivu, karbamazepini, baklofeni ya kulegeza misuli, diazepamu, baadhi ya dawa za kibofu: zote hizi zinaweza kumfanya mtu awe mzito. Usimwachishe wewe. Andika, umpelekee daktari.

Macho yaangalie kabla ya lolote. MS hupenda mshipa wa jicho. Mpe maandishi madogo yenye ukubwa sawa na wa kipimo chako ayasome. Kama ana miwani ya kusomea na ameiacha nyumbani, mrudishe, usimwazime ya kwako. Kama mboni zinacheza zenyewe na namba haziwezi kutulia, kipimo cha kuangalia alama hakimfai na usikifanye kwa kulazimisha. Utakuwa umepima jicho.

Halafu kelele. Mvua ikianza juu ya bati, simamisha. Orodha ya maneno haishindani na mvua ya mwezi wa tatu.

Mazungumzo, kila mmoja peke yake

Ongea na mgonjwa peke yake, kisha na mtu anayeishi au kufanya kazi naye, naye peke yake. Ukiwaweka pamoja, mama mkwe atajibu yote na mgonjwa atatazama sakafu.

Kuna dodoso la maswali 15 lililotungwa kwa ajili ya MS, lenye karatasi ya mgonjwa na karatasi ya mtu wa karibu. Lilivyochunguzwa, majibu ya mgonjwa mwenyewe yalifuatana zaidi na huzuni yake, na ya mtu wa karibu yalikaribia zaidi matokeo ya vipimo. Maana yake mwenye sonona hujiona amekwisha kuliko alivyo, na kuna mwingine ambaye hajioni kabisa. Ndiyo maana namsikiliza sana yule mdogo mtu.

Hata bila dodoso, uliza mambo yenye mikono na miguu. Usiulize "unasahau?" Kila mtu anasahau. Uliza hivi: akituma pesa kwa simu, namba anaiangalia mara ngapi kabla ya kuimaliza? Wakiongea watu watatu msibani, anafuata? Akikatizwa akiwa anapika, anarudi kwenye chungu au chungu kinaungua? Amewahi kusimama njiani asijue alikuwa anakwenda wapi? Ni kazi gani aliyoiacha mwaka huu, na nani anaifanya sasa? Swali hili la mwisho nalipenda kuliko yote. Watu hawasemi wameshindwa, wanasema "siku hizi anafanya mdogo wangu."

Kijana mmoja wa Ujiji, miaka 38, rafiki yake wa barazani alinipa jibu ambalo hakuna dodoso lingelipata. Walikuwa wanacheza bao tangu utotoni. "Zamani alikuwa ananifunga kabla kahawa haijapoa," akasema. "Sasa bado ananifunga. Ila naagiza kahawa ya pili."

Kipimo chenyewe: alama na namba

Ukiwa na nafasi ya kipimo kimoja tu, kiwe hiki, SDMT. Kilitungwa na Aaron Smith na kuchapishwa mwaka 1973, na kwa MS ndicho kilichoshika nafasi kuliko vingine vyote. Karatasi yake ina mwenyewe na inauzwa. Ombeni kupitia hospitali au chuo, msifotokopi ya kuokota, maana nakala iliyofifia nayo inapunguza alama.

Juu ya karatasi kuna ufunguo: alama 9, yaani vijichoro, kila moja na namba yake, 1 hadi 9. Chini kuna safu za alama zisizo na namba. Mgonjwa anaangalia alama, anatafuta juu, anataja namba. Wewe unaandika. Asiandike yeye, kwa sababu mkono wa MS unaweza kuwa mzito wakati kichwa ni chepesi, na wewe unataka kichwa. Zile 10 za kwanza ni za kujifunzia. Hakikisha ameelewa kabisa kabla ya kuanza. Mwambie afuate mstari bila kuruka, akikosea aseme tu iliyo sahihi na aendelee. Kisha sekunde 90. Jumla ya majibu sahihi ndiyo alama yake. Zote zikiwa sawa ni 110, na sijamwona mtu wa kufika huko.

Weka simu kwenye hali ya ndege. Nimewahi kupigiwa na mke mwenza wa dada yangu sekunde ya 40.

Sasa mambo ambayo mwongozo wa kizungu hautakwambia. Kwetu namba hizi zote zina silabi mbilimbili, jambo zuri, hakuna inayomchelewesha msemaji. Lakini mtu ambaye ulimi umekuwa mzito kwa ugonjwa, "tatu" na "tano" zake zinafanana, na "sita" na "saba" zinafanana. Mama wa dagaa nilimwandikia makosa manne ambayo hayakuwa yake. Niligundua alipoinua vidole. Tangu hapo mwenye ulimi mzito anataja huku anaonyesha, na kwenye faili naandika kwamba alionyesha. Kuonyesha kunakula muda kidogo, kwa hiyo mwakani nako aonyeshe vilevile.

Lugha ya kuhesabu ni jambo jingine. Kigoma ina watu waliovuka ziwa. Mkongomani anayepiga soga kwa Kiswahili kuliko mimi, ukimpa namba za haraka unamwona midomo inasema Kifaransa kwanza. Mama wa Kasulu anaweza kuhesabu kwa Kiha. Muulize: "Ukihesabu pesa peke yako, unahesabu kwa lugha gani?" Atumie hiyohiyo, uiandike, na miaka yote iwe hiyohiyo.

Na umwangalie, usiangalie karatasi tu. Anayekwenda polepole bila kosa ni tofauti na anayekimbia na kukosea. Anayeanza vizuri na kuishiwa nguvu nusu ya pili ananiambia habari ya uchovu. Anayerudi kwenye ufunguo kila mara, hata kwa alama aliyoiona mara kumi, hajaishika kichwani.

Maneno na michoro

Mwaka 2012 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya seti fupi ya dakika 15 hivi kwa vituo visivyo na wanasaikolojia. Ina hicho cha alama, halafu orodha ya maneno 16 inayosomwa mara tano na mgonjwa anayataja anayoyakumbuka kila mara, halafu karatasi yenye michoro 6 anayoonyeshwa sekunde 10 na kuichora kwa kumbukumbu, mara tatu. Ukiwa na muda na karatasi halali, fanya zote.

Onyo moja: usikae usiku ukatafsiri orodha ya maneno mwenyewe. Neno jepesi la Kiingereza linaweza kuwa refu au geni kwa Kiswahili, na orodha ikawa ngumu kuliko ilivyokusudiwa. Wenye seti ile walitoa pia utaratibu wa kuthibitisha kila lugha. Na kipimo cha kujumlisha namba zinazosomwa kila sekunde tatu mtakisikia kikitajwa. Ni cha kweli, ila wagonjwa wanakichukia na wengine wanakata tamaa hapohapo. Mimi nimekiacha.

Kwa mtu ambaye hakukaa darasani, karatasi hizi zinampima shule aliyoikosa. Kwake ninatumia kazi za nyumbani mwake, na ninazipima kwa saa. Vidonge vya wiki avipange kwenye vikombe saba, asubuhi na jioni. Noti ya 10,000, anunue kwangu mawese, chumvi na sabuni kwa bei ninazomtajia mara moja, aniambie chenji yake. Anitajie samaki wa ziwa kwa dakika moja, nikihesabu: mgebuka, kuhe, sangara, na kadhalika. Hakuna jedwali la kulinganishia. Ni rekodi ya mtu mmoja, na inafaa tu kama mwakani bei, vikombe na maneno yangu ni yaleyale. Nimeyaandika kwenye daftari kwa sababu mimi mwenyewe nasahau.

Kabla ya kuilaumu MS

Sonona ni nyingi mno kwa watu hawa na inamchelewesha mtu vilevile. Dodoso la maswali 9 la sonona lipo kwa Kiswahili na ni la bure. Alama 10 kati ya 27 kwenda juu namtafutia msaada. Ila uchovu, usingizi na kushindwa kutulia ni mambo ya MS pia, kwa hiyo nayapa uzito zaidi maswali mawili: huzuni, na kukosa raha katika mambo aliyoyapenda. La tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, usilipite haraka kwa aibu. Akijibu ndiyo, siku hiyo kipimo cha kasi kinasubiri.

Muulize pia usingizi na pombe. Na muombe daktari aangalie VVU, kaswende, tezi ya shingo, damu na vitamini B12 kama havijaangaliwa. Mtu mwenye MS hajakatiwa bima dhidi ya magonjwa mengine.

Alama inamaanisha nini

Majedwali mengi ya kulinganishia yametokana na watu wa nchi nyingine, waliosoma miaka mingine. Alama 38 ya mama aliyeishia darasa la saba haifanani na 38 ya mhasibu. Kwa hiyo mlinganishe na yeye mwenyewe. Mapendekezo yaliyotolewa Marekani mwaka 2018 yanasema mtu apimwe mapema, ugonjwa ukishajulikana, kisha kila mwaka, na hilo hata kituo chetu kinaliweza. Kushuka kwa alama 4 au zaidi wengi wanakuchukulia kwamba kuna jambo. Mimi hurudia baada ya wiki chache, kwa toleo jingine la karatasi likiwepo, kabla ya kumtisha mtu. Lakini akishuka ghafla, bila homa, bila dawa mpya, hata kama mguu na jicho viko sawa, mrudishe kwa daktari wake haraka. Ugonjwa unaweza kuamka upande wa kufikiri tu.

Majibu nampa siku hiyohiyo, mbele ya mtu atakayemruhusu. Naanza na vilivyobaki. Kisha nasema kipi kimechelewa na kinamaanisha nini kwake: bodaboda kwenye mzunguko wa Mwanga, au kudai chenji sokoni. Kidonge cha kurudisha kasi sina, na namwambia hivyo. Tunachoweza ni kuupanga mzigo upya: kazi ya hesabu asubuhi, jambo moja kwa wakati, kengele ya simu kwa dawa, daftari moja badala ya vikaratasi kwenye kanga, mazoezi kiasi anachoweza, na familia kuacha kummalizia sentensi zake.

Mwisho andika mazingira, siyo namba peke yake. Atakayekuja baada yako hatajua kwamba siku ile umeme ulikuwepo. Kwa mama wa dagaa, ukurasa wa mwaka wa pili unasomeka hivi: "Alama 41; mwaka jana 42. Saa tatu asubuhi, kivulini, miwani anayo, hana homa. Ametaja kwa Kiswahili na kuonyesha vidole. Amitriptilini imepunguzwa na daktari. Dagaa anauza kwa magunia sasa, si kwa sado; wateja ni wachache na wanasubiri. Madeni anaandika mdogo wake."